Pole Nyingi Bandarini

Rafiki yangu Florentin alirudi kutoka Kisangani na tabia ya kukumbatia watu. Huko aliwaona vijana wakisimama barabarani na bango, wakimkumbatia kila apitaye bila kumjua wala kumdai kitu. Sasa alitaka mji wetu wa Kindu nao upate hayo. Alikuwa na kitambaa cheupe alichokiandika kwa Kifaransa.

"Nani atasoma hiyo?" nikamuuliza. "Mama anayevuka na mihogo kichwani? Andika kwa lugha ya watu."

"Basi andika wewe, Aïcha. Si wewe njo mwenye diploma ya Kiswahili?"

Nikageuza kitambaa, nikachukua rangi nyeusi. Kwa Kiswahili hatumrukii mtu kifuani kabla ya kumpa neno. Na katika mji ambao gari moshi huja linapotaka na umeme huondoka bila kuaga, ni nani asiyestahili pole? Nikaandika kwa herufi kubwa: POLE NYINGI. NJOO TUKUMBATIANE. Nilijiona fundi.

Sikumwambia Florentin kwamba nilikubali kusimama naye kwa ajili ya mtu mmoja tu. Mama yangu, Halima, huuza mandazi bandarini, pale mitumbwi, pirogi kama tuziitavyo, inapofikia kutoka Alunguli ng'ambo ya mto. Wakati wa vita, mimi nikiwa mgongoni mwake, kaka yake Bulaimu alivuka asubuhi kwenda kutafuta mchele. Mchana, wenye bunduki wakaufunga mto. Hakurudi. Vita vilipokwisha, ukoo ulitaka kuweka matanga, Mama akawafukuza: "Munamulilia muntu iko njiani?" Tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kumpa pole. Ukimwendea na mikono wazi, anakutia andazi mkononi. Nilitaka, angalau mara moja, akubali kushikwa.

Basi tulisimama hatua chache kutoka meza yake. Alitutazama, akageuza mandazi.

Wa kwanza alikuwa Kitenge, mwendesha pikipiki. Alisoma kitambaa, akazima mashine, akavua kofia.

"Alikufaka lini?"

"Nani?" Florentin akauliza.

"Muntu yenu."

"Hakuna aliyekufa, kaka. Ni upendo tu."

"Nimeelewa. Alikuwa muntu wa upendo." Akamkumbatia, akampigapiga mgongoni, kisha akaenda kukaa chini kimya, kofia magotini.

Mama Germaine, muuza mitumba, alimwona Kitenge amekaa vile na hakuhitaji kusoma zaidi ya neno la kwanza. Akaja mikono kichwani. "Yooo! Mutoto wa watu!" Alimkumba Florentin hadi kitambaa kikaanguka. Florentin, kwa furaha ya kupata mteja wa pili, akatabasamu meno yote.

"Muone anavyocheka," Mama Germaine akaninong'oneza. "Uchungu umemupanda kichwani."

Baada ya huyo sikuweza tena kuwahesabu. Mabenchi yalitoka sijui wapi. Wanaume wakafunga turubai kwenye miti. Wanawake wawili walikuwa tayari wanasugua sufuria kubwa ya wali. Florentin alikumbatiwa na wachukuzi, na walimu, na abiria wa pirogi tatu, akatoka humo shati limelowa machozi ya watu.

"Aïcha, kazi inaenda vizuri," akasema. "Lakini mbona wote wanalia?"

"Ni lile neno," nikajibu, na diploma yangu ikanichoma kama pilipili. "Pole nyingi, kitambaa cheupe, watu wakukumbatie... Florentin, tumefungua matanga."

Hatukupata nafasi ya kuyafunga. Mzee Twaibu, ambaye hakuna msiba wa huku kwetu Mikelenge unaoanza bila yeye, aligonga fimbo yake.

"Kabla ya dua, tuambiwe jina la marehemu."

Wote wakamtazama Florentin.

"Mzee, hakuna marehemu."

"Hakuna?" Mama Germaine akafuta macho kwa hasira. "Nimelia bure? Machozi yangu utanirudishia na nini?"

"Na mimi nimeacha watu wa Alunguli wasimame na mizigo!" Kitenge akaruka, akamshika Florentin kola. "Unachezea kifo, hapa Kindu? Unajua vita ilikula wangapi hapa?"

"Kosa ni langu," nikasema. "Mimi ndiye niliyeandika. Kwa lugha sanifu, neno pole..."

"Wewe nyamaza na sanifu yako!"

Mkono wa pili ulikuwa umeshafika kwenye shati la Florentin pale Mama yangu alipoinuka, akajipangusa mafuta kwenye nguo yake.

"Mumuache. Marehemu iko."

Alisimama akiupa mto mgongo. Niliona mdomo wake ukijaribu jina, ukashindwa, ukajaribu tena.

"Bulaimu," akasema. "Bulaimu wa mama yangu. Njo huyu munamulilia."

Hakuna aliyeuliza alikufa lini. Kitenge aliachia kola. Mama Germaine akafika kwanza, wengine wakafuata, na mimi niliyemngoja miaka hiyo yote nikajikuta wa sita kwenye mstari. Zamu yangu ilipofika, alinishika kwa nguvu hadi mbavu zikaniuma, akalia kwa sauti nene ambayo sikujua kama anayo.

Florentin alikikunja kitambaa polepole, akaanza kurudi kinyumenyume.

"Wewe, unaenda wapi?" Mzee Twaibu akamwita. "Aliyeita watu njo mwenye matanga. Ni siku tatu."

"Siku tatu, Mzee? Mimi nilikuja kukumbatia tu!"

"Utakumbatia," Mama akasema, akivuta kamasi. "Lakini chota maji kwanza. Wali hautajipika."

Florentin akatafuta ndoo.