Njia ya Ziwani Kwenda kwa Mama Blandine

Mke wangu Albertine alizaliwa kando ya ziwa Tshangalele, mwendo wa saa mbili kwa motokari kutoka kwetu Likasi. Katika zaidi ya miaka thelathini ya ndoa hatukuwahi kwenda huko kutembea tu, sisi wawili. Tulikwenda kwa matanga. Yeye aliingia kwao, mimi nikabaki barabarani, kwa sababu mkwe hamsogelei mama wa mke wake wala hasemi naye. Kwetu Kasai ni hivyo, kwao Wasanga ni hivyo. Katika hilo tu hatukugombana.

Mwezi uliopita shemeji yangu Barnabé akapiga simu. Mikono ya mama yao, Mama Blandine, inatetemeka, kijiko hakifiki mdomoni.

"Bantu banasema ni ile kitanda," akasema, akakata simu.

Kitanda nakijua. Mwaka 1993, sisi watu wa Kasai tulipofukuzwa mjini, nilikuwa kwenye gare, stesheni ya treni, na godoro langu, katikati ya maelfu, tukingoja treni. Aliyetupa jiwe la kwanza dirishani kwetu namkumbuka, na shati lake nalikumbuka. Akinisalimia sokoni naitika bila kusimama. Na wakubwa waliochochea watu dhidi yetu, ambao leo wanatuhubiria umoja, wasidhani nimesahau. Lakini namkumbuka pia mwanamke aliyekuja na kapu la samaki wakavu. Albertine, mke wangu wa miezi saba, ndiye aliyemwita. Mama Blandine akanifunika pagne, kitenge chake, kichwani kama mgonjwa, akanipandisha kwenye lori la makaa, akanificha kwake miezi mitatu. Nyumba ilikuwa na chumba kimoja. Alinipa kitanda chake, yeye akalala nje, jikoni. Ndugu zake wakamwonya: mama anayemlaza mkwe kitandani mwake, siku moja mwili utamtetemeka. Akawaacha waseme. Alikuwa anagonga ukuta, anaweka sahani mlangoni, anaondoka, ndipo nafungua. Miezi mitatu, hatukusemezana neno.

Kwa hiyo sikuwahi kumshukuru. Na sasa kama mikono ile imeharibika kwa ajili yangu, nilitaka kuijua kweli kutoka kwake mwenyewe, akiwa bado hai.

Tukaondoka Jumamosi asubuhi.

"Papa Hervé, unaendesha sawa vile unabeba maiti," Albertine akasema.

"Njia iko mubaya."

"Njia iko muzuri. Weye njo uko mubaya leo."

Tukapita vichuguu virefu kuliko nyumba, kisha msitu ukafunguka na ziwa likatokea upande wa kulia, jeupe kwa jua, na miti mikavu imesimama majini tangu bonde lilipofurika. Barabara ikaambatana na maji. Wanawake walikuwa wameanika samaki juu ya nyasi. Juu yao nyaya nene za umeme zilipita moja kwa moja kwenda migodini, na chini yake kila nyumba ilikuwa na taa yake ya mafuta. Nikaanza kusema.

"Leo wacha nyaya," Albertine akasema. "Tazama maji."

Nikasimamisha motokari, nikatazama. Ndege weupe waliruka, wakatua tena palepale. Mke wangu alivua viatu, akaingia mpaka magotini, mwanamke mwenye wajukuu wanne, akacheka peke yake. Nilishukuru kwamba treni ile iliondoka bila mimi.

"Na kama ni kitanda kweli?" nikamuuliza.

"Utamuuliza."

"Namna gani? Siwezi kusema naye."

"Na mudomo yangu iko na kazi gani?"

Mkwe akifika hupiga honi mbali, ili mama apate nafasi ya kuingia ndani. Nikapiga mara tatu. Mambo ya kijinga: sikufikiri kwamba mama wa miaka themanini na mbili hakimbii tena. Tulimkuta katikati ya uwanja, juu ya mkeka, akihangaika kuinuka. Nikaruka nje, nikachuchumaa nyuma ya motokari, uso kwenye gurudumu.

"Mama Hervé, muambie mama," nikamwanzia Albertine, nikasema yote, gare, lori, sahani mlangoni, miaka yote niliyobaki na neno hilo kifuani.

"Anasema aksanti," Albertine akamwambia.

"Sikusema vile tu."

"Anasema aksanti mingi."

"Minye niko na masikio," Mama Blandine akasema. "Muulize kama ile pneu ya motokari njo mama mukwe wake."

Nikauliza lile lililonileta. Nilisikia Albertine akilirudia polepole, bila mzaha.

Mama akajibu.

"Muambie baba yangu pia mikono ilimutetemeka mpaka akakufa. Na yeye hakulaza mukwe hata mumoja, alibafukuza bote." Akapumua. "Ile wakati nilikuwa nalala inje, nasikia anakohoa mule ndani, nasema, bon, iko muzima. Nilikuwa nalala muzuri. Kama bangemupakia mu ile treni, njo ningetetemeka."

Albertine hakurudia chochote. Akaenda kuleta munkoyo, ile togwa yetu ya mahindi, akajaza kikombe. Nikasikia kikigonga meno, kinywaji kikimwagika juu ya mkeka.

"Leta nikushikie, mama."

"Apana weye," mama akasema. "Yeye."

Nilikwenda macho chini. Nikapiga magoti kwenye mkeka, nikashika kikombe. Mikono yake ikaja juu ya yangu, myepesi, haitulii. Tukakifikisha hivyohivyo. Akanywa mpaka chini.

"Aksanti, mama," nikasema, mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu.

"Ongeza," akasema, akionyesha jagi.