Kitanda Kinapanda Kilima

Ulimwona. Usiniambie hukumwona. Miaka sita amepita mbele yako kila asubuhi, amelala chali juu ya baiskeli, miguu imetangulia na kichwa kinafuata, kibendera chekundu kikipepea juu ya fimbo ili madereva wasimkanyage kama kopo. Ulimwona ukacheka. Au ulimwona ukageukia dirisha la duka, ghafla una haja kubwa ya sufuria. Watoto wako walimwita Fundi Kitanda, nawe badala ya kuwakanya ukalidaka jina. Hata siku moja hukuuliza kwa nini mtu mzima mwenye akili zake anatembea mjini kama aliyetoroka wodini na kitanda chake.

Basi kaa usikie, maana tupo tusiosahau.

Fundi Kitanda alikuwa fundi wa lifti. Miaka ishirini na miwili aliifanya kazi hiyo pamoja na kaka yake, kaka juu kwenye chumba cha mitambo, yeye chini shimoni, mtu na nduguye wameunganishwa na waya. Walipandisha mabibi harusi, majeneza, magodoro na waheshimiwa, na hakuna aliyewahi kuuliza majina yao. Siku moja fundi akiwa juu ya paa la kisanduku cha lifti, mtu mmoja wa ofisini, amechoka kusubiri, alirudisha umeme bila kuuliza. Kisanduku kilipanda. Mgongo wa fundi ukabaki kati ya paa na boriti.

Ripoti ya kampuni ilikuwa ya sentensi moja: uzembe wa fundi mwenyewe. Mwenye kidole kilichobonyeza alipandishwa cheo mwaka uliofuata. Siku ya ripoti, kaka aliweka spana zake mezani kwa bosi, zote, moja moja, akaenda zake. Hakurudi kazini.

Mgongo ulirudi kutoka hospitali na vyuma viwili ndani. Fundi angeweza kusimama na fimbo yake, angeweza kutembea hatua hamsini, lakini kuketi wima dakika kumi kulikuwa kuketi juu ya makaa. Basi ni adui, teksi ni adui, kiti cha mapokezi ya hospitali ni adui mkubwa kuliko wote. Mara ya mwisho kupanda gari alitambaa wiki tatu. Ndipo akachomelea baiskeli ya kulalia, mabomba ya kitanda cha chuma na minyororo mitatu iliyoungwa kuwa mmoja. Kiti alikitengeneza kaka. Alimpaka plasta mgongoni, wakasubiri ikauke wakibishana mpira saa nzima, kisha akalibandua lile umbo taratibu kama ganda la yai. Hakuna kiti kingine duniani kilichoujua mgongo ule.

Baiskeli ilimpa mji wa chini, kulikokuwa tambarare. Kilima haikumpa. Aliyelala hawezi kusimama juu ya pedeli akaisukuma kwa uzito wa mwili. Ana miguu tu, na miguu ya fundi haikuwa ya jana. Haikuwa shida, kwa sababu kaka aliyeishi kilimani, ghorofa ya nane, mjane asiye na mtoto kama yeye, alishuka kila Jumamosi. Walikaa chumbani kwa fundi, mmoja amelala sakafuni juu ya mto, mwingine kwenye kigoda, wakiwasema wakubwa wa zamani mpaka jua linazama.

Kisha lifti ya jengo lile ikafa. Ofisi ya jengo ikabandika karatasi: *Imeharibika. Tunaomba radhi.* Wiki ikawa mwezi, mwezi ukawa minne. Kaka alikuwa na moyo mbovu na magoti yaliyovimba kama maboga. Watu waliofufua lifti mia na zaidi, mmoja amekwama juu kwa kukosa lifti, mwingine amekwama chini kwa kukosa kilima. Cheka, kama unaona kuna la kuchekesha.

Ikabaki simu, kila jioni.

"Umekula?" aliuliza kaka.

"Nimekula. Wewe?"

"Nimekula."

Wote wawili walikuwa waongo.

"Mdogo wangu, mimi sasa ni bati la paa," kaka alisema jioni moja. "Siteremki mpaka upepo unitoe."

"Acha maneno yako. Nitakuja."

"Kwa mgongo upi?"

Fundi alikata simu. Akalala akiitazama baiskeli iliyoegemea ukuta wa chumba chake kimoja, pale watu wengine wanapoweka kabati. Nyumba nzima ilikuwa kimya, na kimya cha mtu peke yake kina sauti: friji, bomba linalodondosha, na moyo wake mwenyewe masikioni. Asubuhi alikwenda kwa Mama Spea.

Mama Spea aliuza vipuri nyuma ya soko, mwanamke mpana mwenye ulimi wa msumeno.

"Mama, nataka mota."

"Ya nini, fundi? Kitanda kimeanza kukoroma?"

"Ya gurudumu. Ile ya baiskeli za kupeleka mizigo."

"Hee! Leo mota, kesho utataka chandarua na taa ya kando." Lakini tayari alikuwa ameinama chini ya meza akivuta gurudumu zima, kitovu chake kinene kama chungu, nyaya zinaning'inia. "Hili limetoka kwenye baiskeli iliyogongwa. Mota nzima, ringi imepinda kidogo. Unakwenda wapi na haya yote?"

"Kilimani. Kwa kaka."

Mama Spea aliacha kucheka. Alifuta gurudumu kwa kanga yake iliyokuwa begani. "Nimsalimie vipi mtu ambaye simjui?"

"Mwambie ashuke."

"Basi mwambie Mama Spea kasema ashuke."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo marefu kuliko yote aliyofanya na binadamu ana kwa ana mwezi ule. Nataka ulijue hilo.

Alinyoosha ringi kwa kukaza tindi, zile nyaya za gurudumu, moja moja. Aliifunga mota mbele, kwa kuwa nyuma kulijaa gia. Mota ya namna hiyo ina ubishi: ikisukuma gurudumu mbele, ekseli, mhimili wake, nayo inataka kujizungusha nyuma ing'oe uma unaolishika na kukata nyaya. Fundi alikata kibao cha chuma, akakiminya kwenye ekseli upande mmoja na kukifunga kwenye uma upande wa pili, ekseli ikatulia kama punda aliyefungwa kamba. Kwenye pedeli aliweka kile kidude kinachohisi mguu. Mguu ukizunguka, mota inasaidia. Mguu ukisimama, nayo inasimama. Hilo lilimfurahisha. Mota ilikuwa na adabu kuliko wanadamu wengi: haikufanyi mzigo, inaongeza tu ulichonacho.

Betri ya mota ikabaki, nzito kama matofali mawili. Hapo akafanya kosa ambalo fundi wa lifti peke yake angeweza kulifanya. Miaka ishirini na miwili alikuwa ameishi na kanuni moja: mzigo upande huu, uzito wa kusawazisha upande ule. Mota iko mbele? Betri nyuma, basi. Aliifunga nyuma ya kiti bila hata kufikiri, mikono ilifikiri yenyewe. Akapiga picha akamtumia kaka.

Kaka hakujibu.

Jioni simu iliita mpaka ikakatika. Kesho yake pia. Fundi alipiga ofisi ya jengo.

"Ghorofa ya nane? Tutatuma mtu," ilisema sauti ya kike, tamu, na nyuma yake redio.

"Mtamtuma lini?"

"Tutamtuma, mzee."

Alipiga polisi. Wakamwambia mtu mzima kutopokea simu si kosa. Aliwapigia mafundi wenzake wa zamani, watatu, ambao mgongo wake uliwafundisha kuning'iniza kibao cha onyo kwenye swichi. Mmoja yuko safarini, mmoja yuko kwenye kikao, wa tatu akasema, "Kesho asubuhi, ndugu yangu, naapa." Majirani wenye miguu mizima walimwambia wataona. Wataona! Kila mtu ana kesho, ila aliyeanguka ana leo tu.

Siku ya tatu alitoka. Akavuka tambarare, akafika chini ya kilima, akakanyaga. Mota ilinguruma kwa upole na kwa mara ya kwanza katika miaka sita baiskeli ikainua pua kuelekea juu. Kisha lami ikaisha, kokoto zikaanza, na gurudumu la mbele likazunguka bure, likirusha mawe, baiskeli imesimama palepale. Akakanyaga tena. Likazunguka tena. Mpandoni uzito wote hurudi nyuma, naye alikuwa ameuongezea betri hukohuko nyuma. Gurudumu lenye nguvu halikuwa na kitu cha kuliminya chini.

Gari lilipiga honi nyuma yake. Dereva akatoa kichwa. "Mzee, amka kumekucha!"

Fundi alirudi nyumbani akibingirika kinyumenyume mita mia za kwanza. Alilia? Alilia. Kisha akachukua spana. Alirefusha nyaya, akaing'oa betri nyuma, akaining'iniza chini ya bomba la mbele, katikati ya miguu, juu kabisa ya gurudumu. Mfuko wa vifaa nao akaufunga mbele. Kazi hiyo ilimla mpaka asubuhi ya siku ya nne, kwa kuwa kila robo saa ilimbidi alale chali sakafuni asubiri mgongo umruhusu.

Mara hii kokoto zilishikwa. Pedeli ilizunguka, mota ikajibu, kilima kikaanza kupita pembeni yake, polepole, ukuta kwa ukuta. Aliyelala haoni barabara kama wewe. Anaona matumbo ya malori, anaona chini ya videvu, anaona mbingu kubwa mno na nyuso zinazomtazama kutoka juu zikageuka. Katikati ya mpando misuli ya mapaja ilianza kutetemeka. Aliijua hatari: miguu ikisimama, mota inasimama. Akawa anahesabu mizunguko kwa sauti, peke yake, kama kichaa, na hakuna aliyemsimamisha kuuliza kulikoni. Saa nane na dakika chache alifika mlangoni mwa jengo.

Mbele ya lifti walikuwa wamerundika mifuko ya saruji na kigari cha mtoto. Hivyo ndivyo watu wanavyokubali jambo: wanaliwekea vitu mbele.

"Mzee wa ghorofa ya nane mmemwona?" aliuliza.

Mwanamume mwenye mkoba alitazama saa. "Kwani kule juu bado kuna mtu?"

Akapanda ngazi mbili mbili, ghorofa ya pili, akaingia kwake.

Fundi alijaribu. Ngazi kumi na moja. Ya kumi na mbili mguu wa kushoto ukapotea, haupo, kama si wake. Alishuka kwa makalio. Akavuta mifuko ya saruji mmoja mmoja, akatoa ufunguo ambao kampuni ilisahau kumnyang'anya, akafungua mlango wa shimo la lifti. Kisanduku kilikuwa kimekwama kati ya ghorofa ya tatu na ya nne. Harufu ya grisi ya zamani ikamjia usoni.

Kaka alichagua nyumba ile kwa sababu ukuta wa chumba chake cha kulala ulipakana na shimo. Alisema hawezi kupata usingizi asiposikia nyaya zikipita. Zamani, kabla ya simu za mfukoni, walisemezana kwa chuma. Fundi akashika reli inayopandia kisanduku, akaigonga kwa spana mara mbili. *Upo?*

Kimya.

Mara mbili tena.

Kutoka juu sana, kitu kikagonga ukuta. Si mara moja wala mbili. Kiligonga ovyo, bila mpango, kizito na dhaifu, kama mtu aliyelala sakafuni anayepiga kwa kisigino.

"Yuko hai!" fundi alipiga kelele. "Kaka yangu yuko hai! Ghorofa ya nane, mlango wa kushoto!"

Mwanamke aliyekuwa anapita na ndoo aliitua chini, maji yakamwagika, akapanda mbio. Ndala zake zilisikika ghorofa hadi ghorofa. Sauti yake ikashuka kupitia ngazi:

"Mlango umefungwa kwa ndani! Anajibu, lakini hawezi kufika! Leteni mtu mwenye bega!"

Fundi hana bega la kuvunja mlango. Anacho alichonacho: spana, na reli, na anagonga mara mbili, mara mbili, ili aliyeko juu ajue hajaachwa. Ukumbini humo wamo watu wanane. Nimewahesabu. Mmoja anapiga picha baiskeli. Mmoja anasema ofisi imeshapewa taarifa. Mmoja amesimama karibu na ngazi, bega pana, afya tele, anatazama karatasi ya *tunaomba radhi* kana kwamba ina habari mpya.

Huyo ni wewe. Ngazi ni mia na ishirini na nane. Tia simu mfukoni, achana na hiyo karatasi, panda. Sasa hivi. Vunja mlango.