Kumkana Recho

Mama yangu hajui kusema uongo, na ndiyo maana alituingiza matatani. Angekuwa na kipaji hicho angalau kidogo, kama mimi, angejua wakati wa kunyamaza.

Maofisa wawili wa uhamiaji walifika kwetu Ruhuwiko asubuhi, kuwahakiki wapangaji wetu. Ramson na mkewe Recho ni Wamalawi, watu wa Mzimba. Ramson ni fundi mitambo, aliletwa na Mzee Iddi kwenye kinu chake cha unga pale Majengo, na kibali chao cha ukaazi kilikuwa karibu kuisha. Maombi ya kuongezewa muda yalishapelekwa. Lilibaki jambo dogo tu, maofisa waone wanapoishi na wamuulize jirani maswali mawili matatu. Jirani waliyemkuta ni Mama, barazani, anapukuchua mahindi.

“Shikamoo mama. Huyu Recho unamfahamu?”

“Marahaba. Simfahamu vipi, ni mwanangu.”

“Mwanao kwa maana gani?”

“Mwanangu. Kwao ni Maposeni, kwetu sote. Shamba lake liko kule, nilimkatia mwenyewe.”

Mimi nilikuwa dukani kwangu. Ningekuwepo ningemkanyaga mguu.

Nieleze vizuri lakini, maana msije mkamdhani mwanamke mzushi. Dada yangu Asumpta alifariki mwaka juzi, baada ya kuugua muda mrefu. Aliyelala naye hospitali, aliyemwogesha na kumlisha uji kwa kijiko, ni Recho. Mimi nilikuwa na duka na watoto, na visingizio vingi. Siku ya kumaliza msiba, kijijini kwetu Maposeni, ukoo ulikaa kuamua nani arithi jina la marehemu, kwa sababu kwetu mtu akiondoka nafasi yake haiachwi wazi. Kwa kawaida jina hupewa ndugu wa damu. Shangazi Walburga alishamwandaa binti yake, kamvalisha na viatu vipya. Mama akasimama, akachukua kitenge cha Asumpta, akaenda kumfunga Recho kiunoni mbele ya watu wote.

Shangazi akanuna. “Huyu wa kuja?”

“Kwao ni akina Jere na mimi ni Jere, ukoo mmoja,” Mama alisema. “Mababu walipotoka huko kusini wengine walibaki ng’ambo ya ziwa, wengine wakafika huku. Wa kuja ni nani hapa?”

Tangu siku hiyo alimwita Asumpta, akamkatia na shamba kulekule. Binti yao Pamela, aliye darasa la saba, akawa mjukuu, na Ramson akawa mkwe wa kutaniwa kila akirudi kinuni mweupe kwa unga. Basi ofisa alipouliza, Mama alijibu ukweli wake wote. Na serikali nayo ina ukweli wake, ambao haujawahi kuhudhuria msiba wowote.

Tuliitwa ofisini. Afande aliyetupokea alikuwa mama wa makamo, mgeni wa mkoa huu kama wengi wao, mpole, na upole wake ulinitisha zaidi kuliko ukali.

“Bibi anasema huyu amezaliwa hapa na ana ardhi,” alisema. “Pasi yake inasema Malawi. Sasa ama ni Mtanzania anayetumia pasi ya nchi nyingine, ama ni mgeni anayetafuta uraia na ardhi kwa mlango wa nyuma. Mniambie ni lipi.”

Ramson alijieleza mpaka jasho likamtoka. Afande alimsikiliza, tena kwa heshima. Mwisho akasema bibi aape mbele ya wakili kwamba Recho si mwanawe, hana undugu naye wala ardhi kwake. Bila kiapo hicho maombi yanakataliwa, nao wafunge mizigo kabla kibali hakijaisha.

“Siapi,” Mama alisema, akanyanyuka.

Njia nzima nilimsema. Nilimwambia ni karatasi tu, atie saini, tukirudi nyumbani maisha yaendelee kama kawaida.

“Unataka nishike Biblia nidanganye?”

“Kwani ulimzaa?”

“Asumpta mwenyewe nilimzaa, akaenda. Huyu nilipewa.” Alisimama katikati ya njia, pikipiki zikitupita. “Nikisema si mwanangu, Dorine, nimezika watoto wawili.”

Nilikuwa na hasira tu, na nusu ya hasira ile ilikuwa wivu, niseme kweli. Sijui kama kwa ajili yangu angesimama katikati ya njia.

Recho hakumwomba kitu. Hilo ndilo lililomvunja Mama. Laiti angelia, angepiga magoti, Mama angepata wa kugombana naye. Badala yake alianza kupunguza vitu taratibu. Kuku wake akampa jirani Emerensiana. Masufuria makubwa akayasugua kwa mchanga, akayafunga kwenye gunia. Jumamosi Pamela alirudi kutoka masomo ya ziada akaona gunia, akauliza wanahamia wapi. Recho akamwambia wanakwenda kuwasalimia bibi na babu. Mtoto akasema, “Bibi si huyu hapa?” Akaingia ndani, akajifungia, tukamsikia analia.

Mama aliacha kupukuchua.

“Jumatatu,” akaniambia, “nipeleke kwa huyo wakili.”

Wakili Gaspari alikuwa ameshaandaa kila kitu. Alimwonyesha Mama mahali pa kutia dole gumba. Mama akakataa kuharakishwa. Alitaka Recho akae mbele yake, na maneno ayaseme kwa mdomo wake, maana kiapo, alisema, si kugusa wino.

Akaweka mkono juu ya Biblia. Akamtazama Recho usoni.

“Huyu si mwanangu. Sikumzaa, si ndugu yangu, hana shamba kwangu. Ni mpangaji. Mungu anasikia.”

Recho aliinamisha kichwa, machozi yakamdondokea mapajani. Mama hakulia. Aliuliza kama imetosha, Wakili akasema imetosha sana, akagonga mhuri.

Kibali kilitoka. Ramson alikuja nacho mbio kutoka mjini, anacheka peke yake kama aliyepagawa, na Pamela akalifungua lile gunia la masufuria mwenyewe. Mimi nilipika pilau. Nilidhani yamekwisha.

Jioni Recho alikuja kwetu, moja kwa moja jikoni kama siku zote, akakunja mikono ya blauzi kutafuta la kufanya. Mama akamtoa kwa upole, akimshika kiwiko, akampeleka barazani. Akaingia ndani, akarudi na kiti, kile cha mito, cha padri na wakwe. Akakifuta vumbi kwa upande wa kanga yake.

“Karibu ukae, Mama Pamela.”

Nilimvuta Mama pembeni. “Kibali wameshapata. Nani anakuona hapa nyumbani?”

“Nilisema mbele ya Mungu kwamba ni mpangaji,” alijibu. “Nikimwita tena mwanangu, kile kiapo ni uongo, na kibali wamekipata kwa uongo. Kiapo hicho ndicho kilichowapa kuishi hapa. Niache nisikiharibu.”

Binti wa nyumba hawekewi kiti; kiti ni cha mgeni. Anajua hivyo Recho, kwao Mzimba ni vilevile. Alikitazama kile kiti, akamtazama Mama, na nilitamani akipige teke, au nikipige mimi.

“Asante, mama mwenye nyumba,” alisema, akakaa.