Waliokunywa Mursik ya Celine

Celine alipoona wazee watatu na mama mmoja wakipanda kijia katikati ya majani chai kuja kwake, moyo ulimtulia. Kumbe hawa watu wana aibu, akajiambia. Wamekuja kuomba msamaha.

Na walikuwa na la kuombea, tena kubwa. Kijana wao Nicholas alimbeba Cherotich, binti ya Celine, kwa pikipiki kutoka Litein, akakata kona, akamwingiza kichakani na kumbaka huku msichana akilia kwamba hataki. Jumatatu kesi ilikuwa inaanza kortini. Lakini sokoni watu walikuwa wameshahukumu: kwani nani alimlazimisha kupanda?

Asubuhi hiyo shemeji yake, Jonah, ndugu ya marehemu mumewe, alikuwa amemwambia atayarishe mursik, maziwa yao ya kugandishwa kibuyuni, kwa sababu kuna wageni wa amani. Basi Celine, moyo ukiwa mchungu kama shubiri, akatikisa kibuyu, akawamiminia, Jonah akiwa ameketi kati yao. Mgeni ni mgeni.

Baba yake Nicholas alikunywa yote, akapangusa midomo.

"Tumeshukuru," akasema. "Sasa tutaje ng'ombe wa mahari."

"Mahari ya nani?"

"Ya watoto wetu. Si umetupatia mursik? Nyumba ikikataa posa haimiminii wageni. Hiyo kesi itajifia yenyewe. Mtu atambaka bibi yake namna gani?"

Wooi! Posa! Mtoto bado hawezi kulala bila kushikwa mkono, na hawa wamekuja kuhesabu ng'ombe! Alimgeukia Jonah. Jonah alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Shemeji, nani mwingine atamuoa sasa?" akanung'unika. "Mimi nimejaribu kuokoa jina la ndugu yangu."

Cherotich alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, amesikia yote. Mama yake Nicholas akamwona, akamwita kwa upole wa kweli, na huo upole ndio uliomtisha Celine kuliko maneno ya wazee.

"Usiogope, mtoto wangu. Hata mimi nilibebwa hivyo hivyo na huyu mzee. Nililia sana. Utazoea."

Na mzee akacheka! Haki ya Mungu, alicheka kama mtu aliyesifiwa.

Celine hakuwa na nguvu ya kupiga kelele. Alimwuliza yule mama polepole, "Na wakati huo ungeulizwa, ungesemaje?"

Mama alifungua mdomo. Akamwangalia mumewe, akaangalia mikono yake mwenyewe.

"Hakuna mtu amewahi kuniuliza," akasema. "Wewe ndio wa kwanza."

Celine akamgeukia binti yake mbele yao wote.

"Cherotich, unamtaka huyo kijana?"

"Simtaki. Siku ile nilimwambia, na sasa ninarudia."

"Basi mmesikia," Celine akasema. "Jumatatu atalisema neno hilo kwa hakimu. Mursik niliwapa kwa sababu mlikuwa wageni. Mtoto sikuwapa. Na wewe Jonah, kama kuna ng'ombe wao umeshafunga kwako, mfungue leo."

Wazee walitoka wakitukana, Jonah akiwafuata nyuma. Mama yake Nicholas peke yake ndiye aliyebaki kitini, kiganja mdomoni, machozi yakimtoka, na mumewe alimwita kutoka nje mara ya kwanza, na ya pili, na hakuinuka.