Faini ya Moinaidi

Mwaka 1997, kisiwa cha Nzuwani kilipotangaza kujitenga na Komoro, chumba cha walimu wa shule moja ya Moroni, kisiwani Ngazija, nacho kikatiwa mpaka. Wangazija wote walikaa dirishani. Moinaidi, mwalimu wa hesabu kutoka Mutsamudu, mji wa Nzuwani, akabaki mlangoni peke yake na kikombe chake. Waliokuwa wakimwita ndugu sasa walimwita "yule wa Nzuwani."

Jambo hilo lilimkera Zaharia, mwalimu wa michezo. Moinaidi alikuwa rafiki yake wa miaka tisa, na fununu zilisema anafunga mizigo. Hakuwa tayari kumpoteza hivihivi. Akatundika wavu uani, akatangaza kwamba kila Ijumaa alasiri walimu wote kumi na wawili watacheza mpira wa wavu.

"Na asiyekuja?" Bourhane, mwalimu wa historia, aliuliza kwa kejeli.

"Kama desturi ya hirimu zetu. Asiyekuja anapika sinia la wali na nyama, wenzake wote wanakula."

Walicheka, lakini wakakubali. Mngazija hafanyi mzaha na faini ya rika lake.

Ijumaa ya kwanza walifika kumi na mmoja. Moinaidi hakuonekana.

"Mkataa kwao ni mtumwa," alisema Bourhane. "Mwache aende."

"Aende, asiende, sinia letu liko wapi?" Zaharia alitia mpira kwapani, akashika njia bila kugeuka nyuma. Wenzake walisitasita, kisha aibu ikawasukuma wamfuate.

Walimkuta Moinaidi chumbani kwake akikaza kamba kwenye sanduku. Meli ya Mutsamudu ilikuwa iondoke kesho yake. Alipoona kundi zima mlangoni, uso ulimsawijika.

"Mmekuja kunifukuza?"

"Tumekuja kukutoza faini!" Sauti ya Zaharia ilitetemeka, hasira na mapenzi vimechanganyika. "Hukuja uwanjani."

Moinaidi aliiachia kamba. Kisiwani Ngazija, mgeni hatozwi faini. Hutozwa mwenye rika. Miaka tisa alikuwa amekula masinia ya watu, na hakuna aliyewahi kumdai lake. Akamgeukia Bourhane.

Bourhane aliinamisha macho. "Mimi," alisema polepole, "napenda nyama ya mbuzi."

Moinaidi alipiga magoti, akaanza kuifungua kamba. Sufuria ilikuwa chini kabisa ya sanduku.