Kitanda Kilichogeuzwa

Asubuhi mama alipoondoka, Ionie alikuwa barazani anamfunga Orvil vifungo vya shati. Lori la ndizi la Bwana Tulloch lilikuwa limesimama langoni, na mama amelazwa nyuma juu ya godoro apelekwe hospitali, shuka limemfika kidevuni. Kando yake aliketi dada yake, Vada, ambaye watoto walimwita Mama Mkubwa, akimpepea kwa kofia ya ukindu. Ionie alitaka kupanda. Mama akamwambia hapana, Mwalimu Bromfield hapendi wachelewaji, na amwangalie mdogo wake asichafue shati. Basi wakaenda shule. Siku hiyo Ionie alichaguliwa kupiga kengele, na njia nzima ya kurudi alikuwa akipanga namna atakavyomsimulia mama. Lori lilirudi jioni. Godoro lilikuwa limekunjwa na kufungwa kamba, na Vada ameketi mbele na dereva.

Watu wa kijiji chao, Mahoe Hill, walimwimbia marehemu usiku tisa, kwa tenzi za kanisani, dhumna, kahawa, ramu na samaki wa kukaanga. Palipopambazuka baada ya usiku wa mwisho, wanawake waliingia chumbani kwake na kukigeuza. Kitanda kilichokuwa chini ya dirisha wakakisukuma mpaka ukuta wa pili. Kabati likakaa mahali pa kitanda, cherehani ikapelekwa ukumbini, mapazia ya buluu yakateremshwa na kutundikwa ya maua. Ndivyo inavyofanywa kila nyumba yenye msiba, ili roho ya marehemu ikija kuchungulia isikitambue chumba chake, iende zake ikapumzike. Ionie alisaidia kubeba droo. Alikwisha kuyaona hayo babu alipokufa, na wakati ule aliyachukulia kama usafi wa Krismasi tu.

Shuleni ndiko alikoelezwa maana yake. Wasichana walikuwa wanacheza rede kwa boksi la maziwa lililoshindiliwa magazeti, wawili wakirusha na Ionie katikati akikwepa. Alikuwa mwepesi, hakupatikana kirahisi. Hyacinth wa dukani, aliyekuwa amerusha mpaka mkono ukamchoka, akashika kiuno.

"Huyu hatumpati. Mama yake anamvuta nyuma."

Ionie akamwambia anyamaze, mama yake hamvuti mtu.

"Kweli, atakuvutaje na mmemgeuzia kitanda? Jana kaja, maskini, kapapasa dirishani, kakuta kabati. Karudi zake na mvua."

Usiku ule mvua ilikuwa imenyesha kweli. Boksi likampiga Ionie kifuani, akatoka mchezoni bila kubisha.

Baada ya hapo hakusikia tena kinachosemwa darasani. Mwalimu Bromfield alimuuliza nane mara saba, kisha sita mara tisa, naye akabaki ameduwaa. Mwalimu alikuwa na mkanda wa ngozi aliouning'iniza kwenye msumari kando ya ubao. Aliugusa kidogo, akauacha.

"Nimekustahi kwa ajili ya mama yako. Jumatatu utasimama hapa mbele useme hesabu zote za kuzidisha. Mkanda huu haujui msiba."

Vada alikuwa mchuuzi. Alhamisi alipanda lori na magunia yake ya viazi vikuu kwenda soko la Kingston, na hakurudi mpaka Jumamosi. Watoto alimwachia jirani, Bi Ivy, bibi mwenye masikio mazito aliyeshinda shambani kwake mlimani na kuja kulala ukumbini. Kwa hiyo Alhamisi ile, walipotoka shule, nyumba ilikuwa yao wenyewe.

Ionie alimwambia Orvil kwamba kitanda ni lori, yeye dereva, dada yake injini. Orvil alifurahi mno. Wakatoa droo, wakaliburuta kabati huku na huku mpaka likaondoka chini ya dirisha, kisha kitanda cha chuma kikaanza safari, Orvil amekaa juu akinguruma na kuwapigia honi watu wa barabarani. Miguu ya kitanda ilichora mistari mirefu juu ya sakafu nyekundu ambayo mama alikuwa akiisugua kila Jumamosi. Mapazia ya buluu Ionie aliyakuta chini ya kabati, akayatundika. Walipokwenda kulala kitandani hapo, aliliacha dirisha wazi. Akakaa macho, anasikiliza, hata usingizi ukamshinda. Bi Ivy hakuingia chumbani. Alikoroma ukumbini kama kawaida yake.

Asubuhi, wakinywa uji wa mahindi, Orvil alisema mama alimshika kichwa.

Kijiko cha Ionie kikasimama. Akamuuliza alisema nini. Orvil akafikiri, akasema hakusema kitu, mkono wake ulikuwa wa baridi. Ionie alimtazama mdogo wake kwa wivu. Yeye ndiye aliyesukuma kitanda, na mama kaja kwa Orvil.

Saa ya mapumziko mwalimu wa watoto wadogo alimwita. Orvil alikuwa amelazwa juu ya benchi, meno yanagongana, na ngozi yake ya moto kama sufuria iliyotoka jikoni. Wasichana wakaja kuchungulia mlangoni. Mmoja akamuuliza Ionie mtoto aliamkaje, naye kwa kupumbaa akawaambia habari ya ule mkono. Wakarudi nyuma wote. Hyacinth naye hakucheka. Alisema polepole, kama mtu anayeogopa kusikiwa, "Kamshika. Anamtaka."

Jambo hilo hakuna mtoto wa Mahoe Hill asiyelijua: mfu akikugusa, unashikwa na homa, na homa hiyo ndiyo njia anayokuchukulia.

Mwalimu Bromfield aliuliza nani yuko nyumbani. Ionie akasema Bi Ivy, ingawa alijua Bi Ivy yuko mlimani. Akambeba Orvil mgongoni. Njiani mtoto alikuwa anazidi kuwa mzito, na mate yake ya moto yanamlowanisha dada yake shingoni. Alimlaza kitandani, chini ya dirisha, kwa kuwa kitanda kilikuwa hapo.

"Mama aje tena," Orvil akasema.

Ionie alisimama katikati ya chumba. Mapazia ya buluu yalikuwa yanacheza na upepo. Kitanda na kabati vilikuwa mahali pake, kama zamani, na mtu aliyekizoea chumba hiki angeingia hata gizani bila kugonga kitu. Alijua analotakiwa kufanya. Alijua pia kwamba akilifanya, hatalitengua tena, hata amlilie mama namna gani.

Akalifunga dirisha, akatia komeo. Akayavuta mapazia yakachanika upande mmoja.

"Mama, nenda," alisema kwa sauti, kama alivyowasikia watu wazima wakisema siku zile tisa. "Usirudi. Orvil bado mdogo."

Akaegemeza bega kitandani, akasukuma. Sasa alikuwa peke yake. Mguu mmoja ulikwama kwenye ufa wa ubao, kitanda kikagoma. Akauinua kwa mikono yote miwili, chuma kikamkwaruza viganja. Orvil, macho nusu yamefumba, akaanza kunguruma kilori, kidogo kidogo, akidhani ni mchezo wa jana. Ionie alisukuma huku akilia bila kujifuta, mpaka kitanda kikagota ukuta wa pili. Kisha akaliendea kabati.

Jioni Bi Ivy alikuja, akachemsha majani machungu, akamwogesha mtoto kwa maji ya majani hayo hayo. Homa haikushuka usiku ule. Ionie alikaa sakafuni, mgongo kwenye kabati, kama mtu aliyewekwa kulinda dirisha.

Vada alifika Jumamosi, magunia matupu begani. Alimgusa Orvil shingoni, akamuuliza Bi Ivy maswali yake, ndipo alipoitazama sakafu. Mistari ilikwenda na kurudi. Akauliza nani aliyekisogeza kitanda.

"Mimi," Ionie akasema. "Nilimrudishia mama. Halafu nikamfukuza."

Vada alikaa kitandani na kofia yake kichwani. Akavitazama viganja vya Ionie.

"Hukumfukuza wewe, mwanangu. Tulimfukuza sisi, watu wazima, na mimi ndiye niliyekishika kitanda upande wa kichwani." Akamfunika Orvil vizuri. Kisha akauliza, "Na huyu ulimsukuma akiwa juu?"

"Akiwa juu."

"Basi punda wa Tulloch akajifiche, umemshinda nguvu."

Jumapili, watu wakitoka kanisani, Orvil alitokwa na jasho na kuomba andazi. Jumatatu Ionie alisimama mbele ya darasa, akakosea mara mbili, akala mkanda mara mbili kama watoto wengine.

Siku hizi Vada haendi Kingston. Mzigo wake anampa binti ya Tulloch akauze, na yeye mwenyewe analala na watoto kitanda kimoja, Orvil ukutani, Ionie upande wa nje.