Mtahiniwa wa Pili kutoka Migori

Caren hakujifunza Kihispania darasani. Kilimwingia kwa njia ya jikoni, katika miaka kumi na miwili aliyowapikia masista kutoka Uhispania kwenye zahanati moja ya misheni, bonde la Lambwe. Alifika pale akiwa na miaka kumi na saba, ameachishwa shule kidato cha pili kwa sababu ya mimba, na mwaka wa kwanza kila kitu aliagizwa kwa kidole. Kufikia mwaka wa tatu alikuwa akiwagombeza kwa lugha yao wenyewe wakiingia na matope jikoni. Sista Amparo, mkubwa wao, alitoka Cádiz, mji wa pwani ya kusini ambako watu humeza s mwishoni mwa maneno. Caren naye akaimeza. Masista wengine walimcheka, wakasema mtu akifumba macho atadhani nyumba ile ina wanawake wawili wa Cádiz.

Mwaka 1993 masista waliitwa kwao, na Caren akabaki na lugha asiyokuwa na mtu wa kuizungumza naye. Alimchukua binti yake Terry, wakahamia mjini Migori, akapata kazi ya kupika katika hoteli ya mzee Ombati.

Hapo ndipo Mwalimu Bonface alipomkuta. Bonface alikuwa mwalimu wa Kifaransa ambaye shule zilimchoka, au yeye alizichoka, kutegemea ni nani anayekusimulia. Alikuwa amekodi chumba juu ya duka la dawa, akawa anawaandaa watu kwa mitihani ya kiwango cha A iliyosahihishwa Uingereza. Kidato cha sita kilikuwa kimefutwa nchini, na vyuo vingi vya ng'ambo bado viliutaka mtihani wa aina hiyo. Mwanafunzi wake wa kutegemewa alikuwa Shamima, binti wa Abdisalam mwenye duka la vitambaa. Shamima alikuwa na ami yake aliyefanya biashara Granada, tayari kumpokea, ila chuo cha huko kilitaka kwanza apasi Kihispania. Bonface alikuwa na vitabu vya Kihispania, kamusi na ujasiri. Lugha yenyewe hakuwa nayo. Siku moja akila ugali na omena kwa Ombati alimsikia mpishi akiilaani sufuria iliyofurika, na tonge likamganda mkononi.

Kuanzia wiki hiyo, kila alasiri vyombo vikishaoshwa, Caren alipanda ngazi za duka la dawa kwenda kuzungumza na Shamima. Msichana alikuwa mpole, mwerevu, na sarufi aliijua kumshinda Caren mara kumi. Kasoro yake ilikuwa mdomo. Aliandika kama aliyezaliwa Granada, lakini akiulizwa jambo kwa sauti alijikunja kama konokono aliyeguswa. Caren alimzungumzisha kuhusu samaki, mvua, ndoa, chochote, na wakiwa wawili tu maneno yalitoka. Pembeni, mezani, karatasi za mitihani iliyopita zilikaa wazi. Caren alizichungulia kwa udadisi tu, na polepole akagundua jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwambia: maswali aliyaelewa yote.

Mtihani wa kuzungumza haukuwa na mgeni wa kuja kuusimamia. Mwalimu alisoma maswali, mtahiniwa akajibu, yote yakaingia kwenye kaseti, na kaseti ikapelekwa Uingereza kwa posta. Mwezi Mei 1995 Bonface alibonyeza kitufe cha kinasa sauti, na Shamima akanyamaza. Wakaanza upya, akanyamaza tena. Mara ya tatu alisema jina lake, kisha akalia. Siku ya mwisho ya kutuma kaseti ilikuwa kesho yake.

Bonface alimtoa Caren nje, kwenye ngazi, akamweleza bila kuzunguka. Zungumza wewe, kwa jina lake. Dakika ishirini tu. Mwakani nitakuandikisha wewe mwenyewe, kwa gharama yangu, upate cheti chako. Caren alikuwa na sababu ya kukitaka. Shirika moja la Wahispania lililoshughulikia mifugo lilikuwa limefungua ofisi Homa Bay, na kila mtu alijua kwamba lingehitaji mkalimani mwenye karatasi ya kuonyesha.

"Hawataijua sauti?" aliuliza.

"Kaseti zinafika maelfu, mama Terry. Nani atakumbuka yako?"

Akaingia, akaketi, akasema jina lake ni Shamima. Alijibu vizuri, hata Bonface akasahau kugeuza ukurasa wa maswali. Shamima alikaa kona ya chumba akitazama sakafu. Walipomaliza alimshika Caren mikono yote miwili, akamwambia hatamsahau. Karatasi za kuandika alizifanya mwenyewe, na hapo hakusaidiwa na mtu. Agosti akapata B. Septemba alipanda ndege.

Bonface alitimiza ahadi, hilo hakuna wa kumnyima. Mwaka mzima uliofuata Caren alijiandaa kama mtu anayejenga nyumba kwa mikono yake. Insha yake ya kwanza ilirudi nyekundu tupu, kwa kuwa aliandika kama alivyosikia: b mahali pa v, h zimetupwa zote, s za mwishoni hazionekani. Ilimchukua miezi kuzirudisha s zile kwenye karatasi, moja moja, huku mdomo wake ukiendelea kuzimeza. Alijifunza kwamba namna ile ya vitenzi ambayo masista waliitumia walipotamani, walipotilia shaka au waliposali, ilikuwa na jina na majedwali, na watu walianguka mtihani kwa ajili yake. Yeye aliijua tangu zamani kwa sala za jioni. Tamthilia iliyowekwa kwenye silabasi aliisoma mara nne jikoni, maharagwe yakitokota, hadi kurasa zikanuka kitunguu. Terry, aliyekuwa na miaka kumi na minne, alimshikia daftari na kumsahihisha tahajia ya maneno asiyoyaelewa hata moja. Mzee Ombati alilalamika kwamba chumvi imezidi, kisha akaacha kulalamika, akawa anawaambia wateja mpishi wake anasomea digrii.

Mei 1996 Caren alirekodi kaseti yake, safari hii kwa jina lake. Juni akaenda Kisumu kuandika. Alitoka chumba cha mtihani akijua amepasi, jinsi mpishi anavyojua mchuzi kabla ya kuuonja.

Barua ya baraza la mitihani ilifika mwisho wa Agosti. Bonface aliisoma kimya, kisha akaisoma tena, ndipo akamwambia aketi.

"Wamefuta matokeo yako," alisema. "Mtu aliyesikiliza kaseti anasema ameshaisikia sauti hii. Mwaka jana, mtahiniwa wa mwalimu huyu huyu, kutoka Migori, anayeongea kama watu wa Cádiz. Wanasema ulimleta Shamima akuzungumzie."

Caren alicheka kwanza, maana jambo lenyewe lilikuwa la kuchekesha. Kisha alimtaka Bonface aandike ukweli.

"Nikiuandika, cheti cha Shamima kinafutwa, mimi, waliyenionya tu, nafungiwa, na wewe bado hupati kitu. Utakuwa umekiri kosa lingine tu." Akaikunja barua. "Wamekufungia miaka mitatu. Ni michache."

Caren alikwenda hadi nyumbani kwa Abdisalam. Ruqia, mama yake Shamima, alimkaribisha vizuri, akamtilia chai ya iliki, akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Alikuwa mwanamke mwenye haya, na maneno yalimtoka kwa shida.

"Mwanangu alifanya mtihani akapasi. Hayo mengine mimi sikuyaona." Akamwongezea chai. "Una binti, Caren. Ungekuwa mimi, ungefanyaje?"

Jibu Caren alilijua, na lilimchoma zaidi kuliko kama angefukuzwa na matusi. Alimaliza chai, akashukuru, akaondoka.

Alimwandikia Shamima. Miezi miwili baadaye ikaja kadi yenye picha ya bustani na chemchemi. Shamima alisema baridi ni kali, masomo ni mengi, na kwamba watu humwuliza ni wapi alikojifunza Kihispania kizuri namna ile. Kuhusu barua ya baraza la mitihani hakusema kitu.

Mwanzoni mwa 1997 shirika la mifugo likatangaza kazi ya mkalimani. Caren alivaa gauni lake la kanisani, akaenda Homa Bay bila cheti, akijipa moyo kwamba akifungua kinywa tu wataelewa. Dirishani alikaa karani aitwaye Mayaka, kijana mstaarabu, akamwomba karatasi zake. Caren akamweleza habari zake zote kwa Kihispania, polepole, kila neno mahali pake. Mayaka alimsikiliza kwa adabu.

"Mimi hiyo lugha siijui, mama," alisema. "Mimi nakagua vyeti."

Aliuliza kama anaweza kumwona Mhispania yeyote. Wote walikuwa Lambwe, wanachanja ng'ombe.

Aliyepata kazi ile alikuwa Bonface. Alikuwa na stashahada ya lugha, na barua yenye muhuri iliyoonyesha kwamba alimwandaa mtahiniwa akapata B. Caren aliambiwa habari hizo sokoni, akanunua nyanya zake, akahesabu chenji, akarudi jikoni.

Mwezi wa tatu, Jumamosi mchana, Bonface alibisha hodi kwake akiwa na bahasha nene ya kahawia. Alikuwa amekonda. Aliongea habari za mvua, akamwuliza Terry kuhusu shule, halafu akatoa karatasi: ripoti ya chanjo kwa Kihispania, kurasa kumi na tisa, zilizotakiwa kwa Kiingereza kufikia Jumatatu. Alisema watagawana. Alisema anajua mambo hayakwenda sawa, lakini Mungu hufungua mlango mwingine.

Caren alizitazama karatasi akiwa amesimama mlangoni. Hakumkaribisha ndani.

"Mimi sijui Kihispania, mwalimu," alisema. "Si wewe ndiye uliyenisomea barua?"

Bonface alizirudisha karatasi ndani ya bahasha moja moja, akaaga kwa heshima na kushika njia ya kwenda mjini. Terry akamwambia mama yake amefanya vyema. Caren hakuona vyema wala vibaya. Alichota maji, akaanza kufua, na kadiri alivyofua ndivyo mistari michache aliyoiona juu ya ukurasa wa kwanza ilivyokuwa ikijitafsiri yenyewe kichwani mwake: idadi ya ng'ombe, majina ya vijiji, tarehe, mpaka akaishiwa na maneno.